Wanawake wa majini katika hadithi za Ulaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaofika kwenye mada hii huja na picha moja kichwani: msichana mwenye mkia wa samaki, ameketi juu ya jiwe, anachana nywele. Picha hiyo ipo, lakini inaficha mengi. Msimamo wangu niutaje mapema ili asishangae mtu: hadithi nyingi za vijijini kuhusu wanawake hawa hazihusu uzuri unaowapoteza wanaume. Zinahusu ndoa, mali na sharti lililovunjwa, na karibu kila mara aliyelivunja ni mume.

Si wote ni nguva tu?

Hapana. Mwenye mkia wa samaki ni mmoja katika ukoo mkubwa. Wabaski, kwenye mpaka wa Hispania na Ufaransa, wana lamia: mwanamke mrembo mwenye kitana cha dhahabu na miguu ya bata. Visiwani kaskazini mwa Uskoti kuna wanaovaa ngozi ya sili, mnyama wa bahari za baridi, na kuivua wakifika nchi kavu. Melusine wa Ufaransa ni nyoka kuanzia kiunoni, tena siku moja tu ya juma. Wengine hawana alama yoyote ya mwili. Katika masimulizi ya Kijerumani, mwanamke wa mtoni huja sokoni kununua nyama kama mama yeyote, na kinachomfichua ni pindo la gauni lililolowa.

Jambo jingine linalowashangaza watu wa pwani ni makao yao. Wengi wao hawakai baharini. Wako kwenye chemchemi, kisima, ziwa dogo la mlimani, kinu cha maji.

Je, sireni wa Homer walikuwa na mikia ya samaki?

Hawakuwa nayo. Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, anasimulia jinsi sireni walivyotaka kumnasa baharia Odysseus kwa wimbo, lakini hasemi lolote kuhusu maumbo yao. Wachoraji wa Ugiriki ya kale waliwachora kama ndege wenye vichwa vya wanawake, na jagi moja la karibu mwaka 480 hadi 470 KK, ambalo sasa liko British Museum huko London, linamwonyesha Odysseus amefungwa kwenye mlingoti huku sireni mmoja akiporomoka kutoka juu kichwachini.

Na angalia walichokuwa wakiuza. Wimbo wao haumwahidi Odysseus mapenzi. Unamwahidi habari: wanajua yote yaliyotokea Troy na yote yanayotokea duniani. Mtego ulikuwa tamaa ya kujua.

Mkia wa samaki unatokea baadaye sana, katika kitabu cha Kilatini kuhusu viumbe vya ajabu, Liber Monstrorum, kilichoandikwa karibu mwaka 700. Kwa karne kadhaa ndege na samaki walishindana katika michoro ya makanisa, kisha samaki akashinda. Kampuni moja kubwa ya kahawa iliyoanzia Seattle bado inatumia nembo ya sireni mwenye mikia miwili.

Kama nina muda wa hadithi moja tu, nisome ipi?

Melusine, bila kusita. Jean d'Arras aliiandika kwa Kifaransa kati ya 1392 na 1393, kwa agizo la Jean, Duke wa Berry. Karibu mwaka 1401 mwingine, Coudrette, akaitunga kwa mashairi, na mwaka 1456 Thüring von Ringoltingen akaitoa kwa Kijerumani.

Kisa kinaanza na mama. Pressine, mwanamke wa kimajini, aliolewa na mfalme Elinas wa Uskoti kwa sharti kwamba mume asimwone akiwa katika uzazi. Mfalme akaingia chumbani. Pressine akachukua binti zake watatu na kuondoka. Mabinti walipokua, wakiongozwa na Melusine, wakamfungia baba yao ndani ya mlima. Walidhani wanamlipia mama yao kisasi. Mama akakasirika, akamlaani Melusine: kila Jumamosi angegeuka nyoka kuanzia kiunoni, mpaka apate mume atakayekubali kutomwona siku hiyo.

Mume akapatikana. Raymondin alikuwa amemuua mjomba wake, mtawala wa Poitiers, kwa bahati mbaya walipokuwa wakiwinda nguruwe mwitu, na alikuwa anazurura msituni usiku akiwa nusu kichaa. Kwenye chemchemi akamkuta mwanamke anayejua jina lake na kosa lake. Melusine akamwambia: nioe, usiniulize habari za Jumamosi, nami nitakufanya bwana mkubwa kuliko wote katika ukoo wako. Shauri lake la kwanza ni la kiwakili kabisa. Akamwambia aombe kwa mtawala mpya ardhi inayoweza kufunikwa na ngozi moja ya kulungu. Ombi likakubaliwa, na ngozi ikakatwa kuwa uzi mwembamba uliozunguka eneo zima.

Hapo akajenga ngome ya Lusignan kwa kasi iliyowashangaza majirani, kisha nyingine, kisha miji. Akazaa wana kumi, na wengi wao walizaliwa na kasoro: mmoja ana jicho moja, mwingine, Geoffroy, ana jino lililotokeza nje kama pembe. Kasoro hizo hazikuwazuia kuoa mabinti wa wafalme.

Jumamosi moja nduguye Raymondin akaja na maneno ya mitaani: mkeo ana mwanaume humo ndani. Raymondin akatoboa mlango kwa ncha ya upanga, akaona mke anaoga na mkia wake unapiga maji. Akamfukuza nduguye, akanyamaza, na Melusine naye akanyamaza. Laiti yangeishia hapo! Lakini Geoffroy alipochoma moto monasteri ya Maillezais pamoja na ndugu yake aliyekuwa mmonaki humo, baba akapasuka mbele ya watu wote, akamwita mkewe nyoka mwongo aliyemzalia laana. Kuona hakukuvunja ndoa. Kilichoivunja ni kuitangaza siri hadharani. Melusine akatoka dirishani akiwa nyoka mwenye mabawa, akaizunguka ngome mara tatu akilia, na usiku akawa anarudi kuwanyonyesha wanawe wawili wachanga.

Ukoo wa watawala unafaidika nini kudai bibi aliye nusu nyoka?

Unafaidika sana. Familia ya Lusignan ilikuwa halisi na ilifika mbali: Guy de Lusignan alikuwa mfalme wa Yerusalemu kuanzia 1186, ndiye aliyeshindwa na Salahuddin pale Hattin mwaka 1187, na tangu 1192 ukoo wake ukatawala Kipro kwa karibu miaka 300. Ukoo uliopanda haraka namna hiyo unahitaji maelezo, na bibi asiye wa kawaida ni maelezo mazuri.

Duke wa Berry naye alikuwa na haja yake. Ngome ya Lusignan aliipata mwaka 1374 kutoka mikononi mwa Waingereza, katikati ya Vita vya Miaka Mia. Iliaminika kwamba Melusine hujitokeza ngome inapokaribia kupata mmiliki mpya, na kitabu hicho hicho kinasimulia kwamba nahodha wa Kiingereza aliyeishikilia alimwona usiku chumbani mwake. Kwa lugha ya leo tungesema hati ya kiwanja imetiwa sahihi na jini. Katika kitabu cha sala cha Duke, ukurasa wa mwezi Machi unaonyesha ngome hiyo na joka la dhahabu linaruka juu ya mnara wake.

Luxemburg wana Melusine wao pia, mke wa Siegfried, bwana aliyejipatia mwamba wa mji huo mwaka 963. Alitoweka kwenye mto Alzette, ambako tangu 2015 ana sanamu ya rangi ya zambarau iliyokaa kando ya maji.

Kwa nini kila mara kuna sharti?

Kwa sababu mke hana kwao pa kukimbilia isipokuwa majini, na sharti ndilo ulinzi wake. Mfano ninaoupenda ni wa Wales, kwenye ziwa la Llyn y Fan Fach. Kijana, mtoto wa mjane, anachunga ng'ombe, anamwona mwanamke juu ya maji. Anampa mkate. Siku ya kwanza mwanamke anaukataa: umeiva mno. Siku ya pili anampa kinyunga kibichi, anakataa tena. Siku ya tatu mkate ulioiva nusu unakubaliwa.

Baba mkwe anatoka ziwani na mabinti wawili wanaofanana kama mapacha, na kijana anatakiwa amtambue wake. Msichana anasogeza mguu kidogo mbele, kwa siri, na mambo yanakwisha. Kisha mali: bibi harusi atapewa mifugo kadiri anavyoweza kuhesabu kwa pumzi moja. Akahesabu kwa werevu, moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano, mpaka pumzi ikakata. Ng'ombe, kondoo, mbuzi na farasi wakapanda kutoka majini. Sharti ni moja: mume akimpiga mara tatu bila sababu, anaondoka.

Mapigo yenyewe ni madogo hata yanaudhi. Anamgusa kwa glavu kumharakisha waende ubatizoni. Anampapasa begani kwa sababu amelia harusini. Anamgusa tena kwa sababu amecheka mazishini. Ya tatu hiyo. Mke akawaita ng'ombe wake kwa majina, hata ndama aliyekuwa amekwisha kuchinjwa na kutundikwa, wakamfuata wote ziwani.

Ila wanawe hakuwatupa. Aliwarudia, akawafundisha dawa za mitishamba, na hapo hadithi inaingia katika historia: waganga wa Myddfai walikuwepo kweli. Rhiwallon na wanawe walimtibu mtawala Rhys Gryg katika karne ya 13, na maagizo yao ya dawa yamo katika Kitabu Chekundu cha Hergest, mkusanyo wa kale wa maandishi ya Kiwelisi.

Hadithi za mwanamke wa sili ni hadithi za mapenzi?

Zinauzwa hivyo. Mimi nazisoma kama hadithi za wizi. Hapa hakuna makubaliano: mwanaume anamkuta mwanamke amevua ngozi ufukweni, anaificha, na bila ngozi hawezi kurudi kwao. Anaolewa, anazaa, anasubiri.

Katika Visiwa vya Faroe kisa hiki kimewekwa kijiji cha Mikladalur, kisiwa cha Kalsoy. Sili hupanda nchi kavu usiku wa tarehe 6 Januari na kucheza ngoma. Mkulima mmoja akaiba ngozi, akaifungia sandukuni, ufunguo akautembeza nao. Siku moja akaenda kuvua samaki, akagundua yuko katikati ya bahari na ufunguo ameuacha nyumbani. Aliporudi, moto wa jikoni ulikuwa umezimwa na visu vimefichwa ili watoto wasijiumize, na mama hayupo.

Sehemu inayoachwa mara nyingi ni hii. Miaka baadaye wanakijiji wakapanga kuwinda sili. Mke akamjia mume ndotoni: dume kubwa utakalolikuta mlangoni mwa pango ni mume wangu, na makinda wawili ndani ni wanangu, msiwaguse. Wakawaua wote. Jioni nyama ilipoletwa mezani, akaingia kwa sura ya kutisha, akalaani kijiji: wanaume wao watakufa majini na kuporomoka magengeni, mpaka wafu watoshe kushikana mikono kukizunguka kisiwa kizima. Sanamu yake ya shaba na chuma ilisimamishwa hapo ufukweni mwaka 2014, nayo imejengwa kuhimili mawimbi.

Rusalka ni nani?

Kwa Waukraini, Warusi na Wabelarusi, rusalka kwa kawaida ni marehemu: msichana aliyezama, aliyejiua, au aliyekufa kabla ya kuolewa, asiyezikwa kwa taratibu zinazostahili. Nywele zake zimefunguliwa, jambo lenye uzito mahali ambapo mwanamke mwenye heshima husuka au hufunika nywele. Huua kwa kumtekenya mtu mpaka pumzi iishe.

Lakini ana upande mwingine. Juma la rusalka, karibu na Pentekoste, hutoka majini na kukimbia kwenye mashamba ya nafaka, na mahali anapokanyaga mimea hustawi. Juma hilo watu hawaogi mtoni wala hawafui, na mwisho wake vijiji vilimsindikiza kwa nyimbo mpaka nje ya mipaka. Kinga ni pakanga. Akikukuta atakuuliza umebeba nini, pakanga au pasli, jani la kuungia supu. Ukitaja pakanga anakimbia, ukitaja pasli umekwisha.

Rusalka wa jukwaani, yule wa opera ya Antonín Dvořák iliyoonyeshwa Prague kwa mara ya kwanza mwaka 1901, ni kiumbe kingine: mpole, mwenye huzuni, anayeimba kwa mwezi.

Lorelei ni hekaya ya kale ya mto Rhine?

Watalii huambiwa hivyo. Mwamba wenye jina hilo upo Ujerumani, una urefu wa mita 132 hivi karibu na St. Goarshausen, na ulijulikana zamani kwa mwangwi wake. Mwanamke aliye juu yake alibuniwa na Clemens Brentano katika shairi la mwaka 1801, na kwake si jini bali mkazi wa Bacharach aliyechoka kuwaua wanaume kwa uzuri wake, akamwomba askofu amhukumu kifo. Heinrich Heine ndiye aliyempandisha mwambani na kitana cha dhahabu, mwaka 1824, na Friedrich Silcher akaliwekea shairi hilo muziki. Kizazi kimoja kikatosha watu kuamini kwamba bibi zao waliimba hivyo tangu enzi.

Hatari ya mahali penyewe si ya kubuni. Mto unabana, unapinda, na una miamba. Januari 2011 meli iliyobeba tani 2,400 za asidi ya salfa ilipinduka karibu na hapo.

Je, ni kweli hawana roho?

Hilo ni wazo la Paracelsus, tabibu wa karne ya 16. Katika kitabu kilichochapwa mwaka 1566, baada ya kifo chake, alisema kila kati ya maumbile manne, maji, hewa, ardhi na moto, ina watu wake. Wa majini wanafanana nasi kwa kila kitu ila roho, na wanaipata wakiolewa na binadamu. Friedrich de la Motte Fouqué alijenga juu yake hadithi ya Undine ya mwaka 1811, na Hans Christian Andersen akajibu mwaka 1837 kwa nguva wake mdogo. Andersen alieleza katika barua kwamba hakupenda roho ya mtu itegemee kupendwa na mwingine. Ndiyo maana nguva wake haokolewi na mwana mfalme, bali anapewa miaka 300 ya kutenda mema. Filamu zikarudisha harusi.

Morgan na Bibi wa Ziwa ni wachawi au mapepo?

Hawa ni wanawake wa hadithi za Mfalme Arthur wa Uingereza, na jibu linategemea umeshika kitabu cha karne gani. Kwa Geoffrey wa Monmouth, karibu mwaka 1150, Morgan ni mkuu wa dada tisa katika Kisiwa cha Matofaa: mganga wa mitishamba, anaweza kuruka, na anawafundisha dada zake hisabati. Arthur aliyejeruhiwa anapelekwa kwake atibiwe. Katika riwaya za Kifaransa za karne ya 13 mganga huyo huyo amekuwa mchawi anayemchimba kaka yake. Waandishi wengi wa wakati huo walikuwa watu wa kanisa, na mwanamke mwenye elimu isiyopitia kwao hakudumu kuwa mwema.

Bibi wa Ziwa ana sura mbili waziwazi. Ndiye aliyemlea Lancelot, shujaa wa Arthur, na chini ya jina Viviane au Nimue ndiye aliyejifunza uganga wa Merlin, mchawi wa Arthur, kisha akamfungia kwa uganga uo huo. Kabla ya kumlaani, soma jinsi mzee Merlin alivyokuwa akimwandama.

Wapo wa kutishia watoto tu?

Wapo. Jenny Greenteeth wa Lancashire hukaa chini ya majani ya kijani yanayofunika dimbwi, na Peg Powler yuko mto Tees. Kazi yao ni moja, kuwaweka watoto mbali na maji, na waliifanya vizuri.

Kuna wanaopendwa?

Warszawa, mji mkuu wa Polandi, una nguva mwenye upanga na ngao katika nembo yake. Sanamu iliyo kando ya mto Wisła ilisimamishwa mwaka 1939. Msichana ambaye mchongaji Ludwika Nitschowa alimtumia kama kielelezo, Krystyna Krahelska, alikuwa mshairi. Alifariki kwa majeraha Agosti 1944 katika maasi dhidi ya Wanazi. Sanamu ilinusurika.

Mabaharia wa Ugiriki nao wana Gorgona, dada wa Iskandari Mkuu. Anashika meli na kuuliza: mfalme Iskandari yu hai? Jibu sahihi ni kwamba yu hai na anatawala. Ukisema amekufa, meli inakwenda chini.

Watu waliwaona kweli, au ni wanyama?

Columbus aliandika Januari 1493 kwamba ameona watatu katika Karibi, na kwamba si wazuri kama wanavyochorwa. Walikuwa manatii, ndugu wa nguva wetu halisi anayekula majani ya bahari na ambaye wachache wamebaki kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Wanasayansi waliliita kundi lao kwa jina la sireni. Lakini usitumie mnyama huyu kueleza kila kitu. Ulaya haina manatii, na hakuna mnyama anayeeleza Jumamosi za Melusine.

Mamba Muntu wa Lubumbashi ametoka Ulaya?

Mamba Muntu ni nguva wa michoro ya Kongo. Sura yake kwa sehemu ndiyo, imani hapana. Afrika ilikuwa na mizimu ya majini kabla ya meli za Wareno. Hata hivyo, picha ya Mami Wata, mzimu wa majini wa Afrika Magharibi, iliyosambaa zaidi, mwanamke wa nywele ndefu aliyeshika nyoka, inatokana na tangazo la maonyesho lililochapwa Hamburg miaka ya 1880, likimwonyesha mchezesha nyoka. Mwaka 1955 nakala 12,000 zikachapwa tena Bombay kwa ajili ya soko la Afrika Magharibi. Wachoraji wa Katanga walipomchora Mamba Muntu kwa ajili ya kuta za sebule, wakampa mkia wa samaki, saa mkononi na utajiri wa kugawa, kwa masharti.

Nikisafiri, niwaone wapi?

Copenhagen kila mtu huenda, na wengi huondoka wamevunjika moyo: sanamu ya nguva ya mwaka 1913 ina mita 1.25 tu, na kichwa chake kimewahi kukatwa na kuibwa. Ningekushauri uende Zennor, Cornwall, kwenye kanisa la Mtakatifu Senara. Ubao wa pembeni mwa benchi moja, wa karibu karne ya 15, umechongwa nguva mwenye kioo na kitana. Wenyeji husema alikuja kanisani kumsikiliza kijana Mathew Trewhella akiimba, akaondoka naye. Mara hii, kwa kubadilisha, anayeimba ni mwanaume.